Miungu wa Aislandi na Shujaa wa Pate

Muhula huu Mhariri wa gazeti letu ameniomba niandike somo juu ya hadithi za miungu wa kale wa watu wa Kaskazini, yaani Odin, Thor, Balder na wenzao, kama zilivyoandikwa zamani katika vitabu vya Aislandi. Nalikubali upesi, maana hadithi hizo zilikuwa zimekwisha kunitia mashakani. Vijana wa Kidato cha Pili nalikuwa nimewasimulia moja katika saa ya maktaba, na juma lililofuata mzazi mmoja akaja shuleni kwa baiskeli kutoka upande wa mashamba ya chumvi, akaniita nje chini ya mwembe. Baada ya kuamkiana akasema, "Mwalimu, mwanangu amerudi nyumbani anahadithia habari za masanamu. Mimi nimemleta hapa apate elimu. Je, hii ndiyo elimu yenyewe?"

Swali lile halikuwa la kunikosea adabu, na kwa kweli lilikuwa swali zuri kuliko mengi ninayoulizwa darasani. Nalimwomba Mzee anipe siku chache nikajitayarishe. Jibu langu ndilo hili, nami naliandika hapa ili na wazazi wengine walipime.

Aislandi ni kisiwa cha volkano na barafu kilicho kaskazini sana katika Bahari ya Atlantiki. Tanzania yetu ni kubwa kama mara tisa ya kisiwa hicho. Watu walianza kuhamia huko kwa wingi yapata mwaka 870, wengi wao wakitoka Norwei, wakaja na ng'ombe zao, kondoo zao na miungu wao. Hawakuwa na mfalme. Mwaka 930 waliweka baraza la nchi nzima, liitwalo Althing, lililokutana kila mwaka wakati wa kiangazi mahali pa wazi penye majabali, na mkuu wa baraza hilo alikuwa mtu aliyejua sheria zote kwa moyo na kuzisema mbele ya watu, maana hazikuwa zimeandikwa.

Yapata mwaka 1000 ikazuka fitina kubwa. Baadhi ya watu walikuwa wamekwisha kuwa Wakristo, wengine walishika dini ya wazee wao, na kila upande ulitaka kuwa na sheria zake. Palibaki kidogo tu wapigane. Ndipo pande zote mbili zikakubali kumwachia shauri msema sheria, Thorgeir, ambaye mwenyewe hakuwa Mkristo. Thorgeir akaingia katika kibanda chake, akajifunika nguo gubigubi, akalala kimya mchana ule wote na usiku wake, bila kusema na mtu. Kesho yake akatoka, akawaambia kwamba sheria ikipasuka na amani itapasuka. Basi watu wote wabatizwe. Lakini kwa muda wale waliotaka kutambika kwa siri waliachwa, hata baadaye ruhusa hiyo ikaondolewa. Habari hii tunaipata kwa padri Ari Thorgilsson, aliyeandika historia fupi ya kisiwa chake miaka mia na zaidi kidogo baada ya mambo hayo.

Hapa ndipo nataka msomaji atue kidogo. Dini mpya ilileta herufi. Watu wa Aislandi hapo kwanza walikuwa na alama zao za kuchonga juu ya mawe na miti, lakini kuandika vitabu walifundishwa na kanisa, kwa herufi za Kilatini. Wakazishika herufi zile, wakaandika kwa lugha yao wenyewe, juu ya ngozi za ndama, si habari za dini tu bali na sheria, nasaba, visa vya wakulima waliogombania mipaka, na hadithi za miungu ambao hakuna tena aliyewaabudu. Nasi wa pwani twalijua jambo hili bila kwenda mbali. Herufi za Kiarabu zilikuja pamoja na Uislamu. Wazee wetu wakazitumia kuandika Kiswahili, na baada ya kuandika sifa za Mtume na mawaidha, wakaandika pia barua, nyimbo za harusi na habari za mashujaa wa kale.

Mtu aliyetuwekea sehemu kubwa ya hadithi za miungu wale aliitwa Snorri Sturluson. Alizaliwa mwaka 1179. Alikuwa tajiri, mwanasiasa, mpenda ugomvi kidogo, na mara mbili alikuwa msema sheria katika Althing. Wakati huo huo wa karne ya 13 ndio wataalamu wanaouweka msikiti wa kale wa Kaole, hapo kusini mwa Bagamoyo, ambao vijana wetu wameutembelea. Yaani mafundi wa Kaole walipokuwa wakichoma chokaa ya matumbawe, Snorri alikuwa kaskazini ya mbali akitengeneza kitabu chake. Kitabu hicho huitwa Edda, nacho alikitunga yapata mwaka 1220.

Na kwa nini Mkristo aandike habari za Odin? Sababu yenyewe itawafurahisha wapenda ushairi. Washairi wa nchi ile walikuwa na desturi ya kutotaja kitu kwa jina lake. Badala ya kusema dhahabu walisema nywele za Sif, au machozi ya Freyja. Aliyeijua hadithi alifahamu mara moja: Sif ni mke wa Thor, na Loki mjanja alimkata nywele zake zote kwa uchokozi, kisha kwa kumwogopa Thor akatafuta mafundi wakamfulia Sif nywele za dhahabu zilizomea kichwani kama nywele za kweli. Lakini vijana wa siku za Snorri walikuwa wamekwisha kuzisahau hadithi, na mashairi ya babu zao yakawa kwao kama kitendawili kisicho na mteguzi. Snorri alikiandika kitabu chake kiwe somo kwa vijana hao. Tena aliwaonya waziwazi kwamba Mkristo hapaswi kuwaamini miungu hao, na mwanzoni mwa kitabu akaeleza kuwa hao walikuwa watu tu, wafalme waliotoka Asia, ambao watu wasiojua waliwafanya miungu. Mimi maelezo hayo ya Asia siyaamini, na sidhani kama yupo mtaalamu ayaaminiye leo. Lakini naona yalimsaidia mwandishi. Yalimpa nafasi ya kuandika bila hatia.

Katika kitabu hicho mfalme mmoja aitwaye Gylfi anajibadili jina, anaingia katika jumba kubwa, na kuwauliza maswali watatu waliokaa juu ya viti vitatu vya enzi. Majibu yao ndiyo hadithi zenyewe. Humo twasoma habari za Odin aliyetoa jicho lake moja apate kunywa katika kisima cha hekima; habari za mti mkubwa sana unaoshika mbingu na ardhi; za Thor aliyekwenda kuvua akatia chambo cha kichwa cha ng'ombe, akamnasa nyoka azungukaye dunia nzima chini ya bahari; na habari za siku ya mwisho ambapo miungu watapigana na majitu na wengi wao kufa, kisha nchi itoke tena baharini, mbichi na yenye mazao. Siwezi kuzieleza zote hapa. Nitatwaa moja tu, ile niliyowasimulia vijana, iliyomleta Mzee wetu kwa baiskeli.

Balder alikuwa mwana wa Odin na Frigg, mzuri wa sura na mpole wa maneno, akipendwa na wote. Akaanza kuota ndoto mbaya za kufa kwake. Mama yake akazunguka akiapisha kila kitu kisimdhuru mwanawe: moto na maji, chuma na kila madini, mawe, udongo, miti, maradhi, wanyama, ndege, sumu na nyoka. Vyote vikaapa. Tangu hapo miungu wakapata mchezo: Balder husimama katikati ya baraza, wao humtupia mishale, humkata kwa panga, humpiga kwa mawe, na yeye hadhuriki. Loki alipoona hivyo akaingiwa na uchungu. Akajigeuza mwanamke, akamwendea Frigg, akamwuliza kama ni kweli kwamba vitu vyote vimeapa. Frigg akamjibu kwamba upo mmea mmoja tu magharibi ya jumba la Odin, ambao aliuona mchanga mno kuapishwa. Mmea huo ni jamii moja na kirukia chetu, ule uotao juu ya matawi ya mti mwingine kama tunavyouona katika mikorosho. Loki akaukata, akaenda nao barazani. Pembeni ya watu alisimama Höd, ndugu yake Balder, naye alikuwa kipofu. Loki akamwuliza, "Mbona wewe humchezi nduguyo?" Akajibu kwamba hamwoni, tena hana silaha. Loki akamtia kile kijiti mkononi, akamwelekeza. Höd akatupa. Balder akaanguka, akafa palepale.

Miungu wakatuma mjumbe, akapanda farasi siku tisa gizani mpaka kwa malkia wa wafu, amwombe Balder arudishwe. Malkia akakubali kwa sharti moja: kila kitu duniani kimlilie. Basi watu wakalia, na wanyama, na ardhi, na mawe, na miti, na kila madini. Snorri hapo anaongeza jambo dogo ninalolipenda sana: anasema sisi wenyewe tumekwisha kuviona vitu hivi vikilia, vinapotoka katika baridi na kuingia penye joto. Mwanafunzi aliyenunua chupa ya maji ya barafu pale stendi ya Bagamoyo atafahamu mara moja. Lakini katika pango moja walimkuta jitu la kike, likakataa kulia. Watu walidhani lilikuwa ni Loki. Basi Balder hakurudi.

Nilipofika hapo darasani, kijana mmoja aliyekaa nyuma alinyosha mkono, akasema, "Mwalimu, huyu ni Liyongo!" Darasa zima likacheka, lakini yeye hakukosea sana, na tangu siku ile nimekuwa nikiziweka hadithi hizi mbili pamoja.

Wengi wa wasomaji wanamjua Fumo Liyongo, shujaa wa Shaka na Ozi, karibu na mahali Mto Tana unapoingia baharini, katika Kenya ya leo. Alikuwa mrefu kupita kadiri, mwenye nguvu, fundi wa upinde na fundi wa mashairi pia. Sultani wa Pate, ambaye ni jamaa yake, akamwonea wivu, akaogopa kunyang'anywa kiti. Alifanyiwa hila nyingi. Mara moja walipanga kula makoma kwa zamu, kila mtu apande mkoma siku yake, ili Liyongo akiwa juu wamfume. Kumbe yeye hakupanda; aliyaangua makoma kwa mishale. (Mkoma ni ule mti ambao sisi huku twauita mkoche, na upo mwingi kando ya njia hii yetu ya Makurunge.) Walipomtia gerezani, alimwimbia Saada, kijakazi wa mama yake, wimbo wenye fumbo: mama aoke mkate wa wishwa, ndani atie tupa. Walinzi walipouona mkate wa wishwa waliudharau, wakaupitisha. Usiku wa ngoma, huku matari na vigoma vinalia, Liyongo alikata minyororo yake na hakuna aliyesikia mlio wa tupa.

Mwisho Sultani akamtafuta mwana wa Liyongo mwenyewe. Akamwahidi kumwoza binti yake kama atampelelezea siri ya baba. Kijana akaenda, akamwuliza babaye ni kitu gani kiwezacho kumwua. Liyongo alitambua kuwa swali lile lina kitu nyuma yake, walakini alimjibu: ni sindano ya shaba tu, ikichomwa kitovuni. Baba alipolala, mwana akamchoma. Liyongo akaamka, akatwaa upinde wake, akaenda karibu na kisima, akapiga goti, akauvuta upinde, akafa hali amekaa vile. Watu wa mji hawakuthubutu kwenda kuteka maji, kwa kudhani yu hai na amewaelekezea mshale. Kiu ikawashika. Wakamwendea mama yake, wakamsihi ambembeleze mwanawe. Mama akaja, akamwimbia siku nyingi, naye hajibu. Hata alipoanguka ndipo wakajua kwamba alikuwa maiti siku zote hizo. Kijana hakuozwa mke. Alipatwa na ugonjwa, naye akafa.

Sisemi kwamba hadithi moja imezaliwa na nyingine. Sijui njia yoyote ambayo ingetoka Aislandi ikafika Ozi, na Balder ni mungu hali Liyongo ni mtu. Lakini tazameni: katika hadithi zote mbili yupo mtu asiyedhurika ila kwa kitu kimoja kidogo, kote siri inatolewa na mpendwa kwa kuulizwa kwa upole, kote mkono unaoua ni wa jamaa. Tofauti zake pia zina ladha. Höd hakujua alilotenda, mwana wa Liyongo alijua. Frigg aliutumia upendo wake wote kabla ya msiba, mama yake Liyongo anauleta baada yake, pale kisimani. Kwa maoni yangu mwisho wa Liyongo ndio bora kuliko mwisho wa Balder. Maiti inayolinda kisima dhidi ya mji mzima inanikaa akilini kuliko jitu lililokataa kulia.

Na walioiandika je? Hadithi ya Liyongo ilipigwa chapa katika kitabu cha Edward Steere cha mwaka 1870, cha hadithi alizozikusanya Unguja. Mwaka 1913 Muhammad Kijumwa wa Lamu, mwandishi wa khati na mchonga mbao, aliitungia utenzi. Yeye alikuwa Mwislamu, naye aliuanza utenzi wake kwa jina la Mwenyezi Mungu. Hakuona kwamba kuandika habari za shujaa wa kale kulimtoa katika dini yake, kama vile Snorri hakuona kwamba kuandika habari za Odin kulimrudisha katika dini ya babu zake.

Snorri mwenyewe hakufa kifo chema. Aligombana na mfalme wa Norwei, na usiku wa tarehe 23 Septemba 1241 maadui zake walimwua katika chumba cha chini cha nyumba yake. Vitabu vya nchi yake navyo viliona taabu. Kitabu kimoja kidogo cha ngozi, kilichonakiliwa yapata miaka 30 baada ya kifo chake, ndicho chenye sehemu kubwa ya mashairi ya kale ya miungu. Kilijulikana tena mwaka 1643, kilipokuwa mikononi mwa askofu mmoja wa Aislandi, kikiwa na kurasa za ngozi 45 tu, nyingine zimekwisha kupotea. Mwaka 1662 kilipelekwa Denmark kwa mfalme. Kurasa za vitabu vingine zilikatwa na washoni wakazifanya kigezo cha nguo. Arni Magnusson alitumia maisha yake kuziokoa, nyumba kwa nyumba, na mwaka 1728 moto ukaunguza mji wa Copenhagen pamoja na sehemu ya maktaba yake. Mwaka huo huo, 1728, ndio tarehe inayotajwa kwa Utendi wa Tambuka uliotungwa Pate, ambao mswada wake mmoja upo mpaka leo Hamburg, Ujerumani. Kile kitabu kidogo cha mashairi kilirudishwa kwao mwaka 1971, katika manowari, na maelfu ya watu wakasimama bandarini Reykjavik kukilaki.

Sisi nasi tunayo miswada karibu. Katika miaka ya 1960 J. W. T. Allen alizunguka pwani akikusanya maandishi ya kale ya Kiswahili, nayo yamewekwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwendo wa nusu siku kutoka hapa tulipo.

Lakini si yote yaliyofika maktaba. Nilipokuwa darasa la saba nalikuwa na daftari la mistari, nimeandika humo hadithi za bibi yangu mzaa mama, kumi na moja kwa hesabu. Nalijivuna nalo kwa mwaka mmoja. Kisha nikaenda sekondari, na niliporudi likizo nikalitoa pamoja na magazeti ya zamani kwa muuza karanga, nikapata pakiti mbili. Bibi alikuwa hai bado, nami nalidhani nitamwuliza tena. Leo nakumbuka hadithi tatu tu, na ya tatu sina mwisho wake. Siwezi kuwacheka washoni wa Aislandi.

Haya yote nalimweleza Mzee aliporudi. Alisikiliza huku ameegemeza baiskeli kwenye mwembe, mkono juu ya kiti. Sikumwona akikunjuka uso mpaka nilipofika kwa Liyongo, naye hapo akanisahihisha mara mbili, kwa sababu kwao walimsimulia vingine. Nilipokwisha akakaa kimya, kisha akauliza, "Na yule aliyekataa kulia, alipata faida gani?"

Nikamwambia kitabu hakisemi.

"Bibi yangu angesema," akajibu. Akaanza kunieleza hadithi ya mvuvi mmoja na kiboko wa Mto Ruvu, hata kengele ikalia akiwa amefika nusu, akapanda baiskeli akaenda zake. Mwanawe sasa anaiandika nyumbani kila jioni. Amefika ukurasa wa sita, na Mzee amekwisha kumrudisha mara mbili akasahihishe jina la mvuvi.